Rola Iliyotazama Nyuma

Tangu wamtie mahabusu Jumatatu, Khacheru alikuwa na swali moja tu, na kituo kizima cha polisi kilishalichoka.

"Sahani ilikuwa na vifungo?"

Aliwauliza askari waliomfunga pingu. Alimuuliza aliyemletea dengu. Alimuuliza mkuu wa kituo mwenyewe, na mkuu wa kituo, aliyekuwa akiandika maelezo kwa mkono wake kwa sababu karani alikwenda harusini, akaandika hivi: Mtuhumiwa hatoi ushirikiano. Anaongea upuuzi kuhusu vifungo.

Inspekta Bimlesh Ahlawat aliusoma mstari huo Alhamisi asubuhi, akaurudia, kisha akalifunga faili na kuliweka chini ya gilasi yake ya chai, mahali ambapo kwa maoni yake lilistahili kukaa. Kesi ilikuwa imetupwa mezani kwake nusu saa iliyopita. Saa nane mchana fundi huyo alitakiwa mbele ya hakimu kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na mkuu wa kituo alitaka mtu wa kumsindikiza, hakutaka mtu wa kufikiri.

"Amekiri?" alimuuliza Konstebo Ramdiya.

"Hakiri wala hakatai, afande. Anauliza vifungo."

"Na nani amemjibu?"

Ramdiya alicheka, na tumbo lake likacheka naye. "Utamjibu nini mwendawazimu?"

"Ndiyo au hapana. Neno moja. Hata wewe ungeliweza."

Khacheru alikuwa amechuchumaa pembeni mwa selo, mzee mdogo wa umbo, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikiwa kimekatika kwenye kiungo cha pili. Jina lake maana yake ni aliyeburuzwa. Mama yake alizika watoto watatu kabla yake, na huyu wa nne akamlaza kwenye ungo, akamburuza sakafuni na kumpa jina baya ili kifo kimdharau kimwache. Kifo kilimdharau kweli. Watu nao wakafuata mfano huo.

Bimlesh alivuta kigoda akaketi upande wa pili wa nondo. "Fundi, shikamoo."

Mzee alishtuka. Hakuna aliyemwamkia tangu Jumatatu. "Marahaba, mwanangu."

"Sahani gani hiyo?"

Mzee alimtazama, akipima kama anataniwa. Kisha akasogea. "Makoti yetu yanatoka ng'ambo, si ndiyo? Yanakuja na vifungo, zipu, bizimu za mikanda. Akina mama wanavikata, lakini mtu akikata makoti mia nne kwa siku, viwili vitatu vinampita. Makoti yanararuliwa, sufu inakwenda kwenye mashine ya kuchania. Chuma kikiifikia ngoma kuu, lile pipa la meno linalozunguka, kinatoa cheche. Na sufu kavu haibembelezwi na cheche."

"Inawaka."

"Viwanda vya mji wetu wa Panipat vinawaka hivyo kila mwaka. Mimi nikaichukua rola ya mlangoni, ile ndogo inayopokea sufu kabla ya ngoma. Nikaichonga mifereji, nikaivisha waya wa meno yaliyolala. Kifungo kikija kinatumbukia mferejini, jino linakishika, linakwenda nacho chini, linakitema kwenye sahani. Ti! Unakisikia. Miezi minane, mwanangu. Hakuna hata cheche moja."

"Na Jumatatu mashine ikaungua robo saa baada ya kuwashwa. Mwanamke akafa."

"Ndiyo nauliza." Alizishika nondo. "Kama sahani ilikuwa na vifungo, basi rola ilifanya kazi na bado moto ukatokea. Hapo mimi nilikosea, nifungeni. Kama ilikuwa tupu, rola haikufanya kazi. Na mimi niliiacha Jumamosi jioni ikifanya kazi."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kairana. Tulikwenda kuposa kwa ajili ya mtoto wa dada yangu."

"Nani alikuona?"

"Ndugu zangu arobaini. Mkuu wenu alisema ndugu hawahesabiwi."

"Kitabu cha mlango wa kiwanda kinasema Jumapili fundi aliingia saa nne asubuhi, akatoka saa nane."

"Kinasema Khacheru?"

"Kinasema fundi."

Mzee aliachia nondo akarudi kuchuchumaa. "Mimi sijui kusoma," alisema. "Nilidhani wanaoandika wanajua."

Bimlesh alisimama. Ramdiya alikuwa ameshaanza kutafuta funguo za gari.

*

Kiwanda cha Chiranji Lal kilikuwa kwenye barabara ya Barsat, na usingeweza kukikosa: milima ya makoti uani, mweusi upande huu, mwekundu upande ule, na ukungu wa Januari umelala juu yake. Kati ya milima hiyo lilisimama lori la chuma chakavu, mkia umefunguliwa. Wanaume wawili walikuwa wanatoka banda la pili wakiwa wamebeba kifuniko cha mashine kilichoungua.

"Kirudisheni," alisema Bimlesh kabla hajafunga mlango wa gari.

"Tajiri ametuambia hadi saa sita tumalize, dada."

"Na mimi nimewaambia kirudisheni. Sasa chagueni nani anatia watu pingu hapa, mimi au tajiri."

Walikirudisha.

Tajiri Chiranji Lal alimpokea ofisini kwa mikono miwili na sahani ya peremende zilizovishwa karatasi ya fedha. Alikuwa na uso wa huzuni aliouvaa vizuri, kama koti la kuazima lililomkaa. Nyuma yake alisimama mpwa wake, Injinia Shobhit, kijana wa miaka ishirini na minane, nywele zimelainishwa, kalamu tatu mfukoni. Katikati ya ofisi, juu ya vigoda viwili vya mbao, ililazwa rola inayong'aa yenye urefu wa mtu mrefu, imevishwa shada la maua ya njano na kupakwa rangi nyekundu kwenye shafti, kama sanamu ya mungu. Ukutani juu yake kulikuwa na picha ya Shobhit huyo huyo, mkono kiunoni, chini yake maneno: Mbunifu wa Rola Salama.

"Hii ndiyo rola yenyewe?" aliuliza Bimlesh.

"Ya majaribio, madam," alisema Shobhit. "Ya kwanza. Zilizofuata ndizo zilizo mashineni. Nimeshapeleka michoro serikalini kuomba hataza. Wiki hii hii."

"Nilidhani aliyeibuni ni Khacheru."

Mjomba na mpwa walitazamana, wakacheka kile kicheko cha watu waliosoma.

"Khacheru!" alisema Shobhit. "Madam, yule anahesabu kwa vidole, na vyenyewe havijatimia. Alikaza nati. Mimi nikimwambia chonga hapa, anachonga. Wewe fikiria hati ya serikali imeandikwa jina 'Aliyeburuzwa'."

"Kwa hiyo rola ni yako."

"Yangu mia kwa mia."

"Na iliyoua mtu?"

"Hiyo ni uzembe wa fundi. Jumapili alikuja kwa siri kuichezea, akaiharibu. Kitabu kipo."

"Sasa nimeelewa," alisema Bimlesh. "Ikifanya kazi ni yako, ikiua ni ya fundi. Mpango mzuri. Hata mimi ningeupenda."

Tajiri alimsogezea sahani ya peremende. "Binti yangu, kula kitu. Umekuja mbali."

"Nimetoka kituoni, tajiri. Ni kilomita tatu."

Alichukua peremende moja akampa Ramdiya, aliyeimeza nzima bila aibu, wakatoka.

Mlinzi wa getini aliitwa Rishal, mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu makubwa kuliko cheo alichowahi kupata. Kitabu chake kilikuwa safi, mistari imenyooka kama gwaride. Jumapili: Injinia Shobhit, ndani saa nne, nje saa nane. Chini yake: Fundi, ndani saa nne, nje saa nane.

"Waliingia pamoja?" aliuliza Bimlesh.

"Kwa gari la injinia, afande."

"Huyo fundi alikuwa Khacheru?"

Rishal alikuna masharubu. "Alikaa kiti cha nyuma. Alijifunika shuka, kulikuwa na baridi. Injinia alisema, 'Mimi na fundi.' Nikaandika."

"Hukumtazama usoni?"

"Afande, injinia nilimpigia saluti. Fundi ni fundi. Nani anamtazama fundi usoni?"

"Mimi nimeanza leo," alisema Bimlesh, akachana ukurasa ule taratibu na kuutia mfukoni, huku Rishal akiuangalia kama aliyeng'olewa medali.

*

Banda la pili lilinuka sufu iliyoungua, ambayo ni harufu ya nywele zilizoungua, na hakuna ubani unaoiondoa. Mashine namba moja ilikuwa imesimama, nzima. Namba mbili ilikuwa nyeusi kutoka mlangoni hadi nusu ya ngoma kuu. Chini ukutani waliketi wanawake kumi na wawili, kila mmoja amelibana panga dogo lililosimama kati ya vidole vya mguu, wakikata vifungo kana kwamba hakuna kilichotokea. Msimamizi alikuwa amewaambia hakuna kilichotokea.

Bimlesh alipiga magoti mbele ya mashine iliyoungua na kuingiza mkono chini ya rola ya mlangoni. Akatoa sahani ya bati, ndefu, iliyopinda kwa joto. Aliielekeza kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na masizi, na chini ya masizi kulikuwa na bati.

"Tupu," alisema.

"Labda vimeyeyuka," alisema Ramdiya.

"Zipu za shaba ziyeyuke, sahani ya bati ibaki? Ramdiya, peremende imekupanda kichwani."

Mmoja wa wanawake aliacha kukata. Alikuwa mtu mzima, mweusi tii, ana hereni kubwa puani. "Haikulia," alisema bila kunyanyua uso.

"Nini hakikulia, mama?"

"Sahani. Kila siku tukianza makoti meusi inalia ti, ti, ti, mpaka unaizoea. Jumatatu ilikuwa kimya. Batasiya ndiye alisema kwanza."

Msimamizi alikohoa kutoka mlangoni. Bimlesh hakugeuka. "Ramdiya, huyo mwenye kikohozi mpeleke nje akapate hewa. Na wewe mama, jina lako nani?"

"Sugiya."

"Njoo hapa, mama Sugiya. Batasiya ndiye aliyekufa?"

"Ndiye. Kwao na kwetu ni kijiji kimoja, Bihar kule. Kazi yake kufagia, na kumwaga ile sahani. Fundi alimfundisha, 'Ikinyamaza, zimeni kwanza, halafu niiteni.' Sasa fundi alikuwa hajafika, basi la Kairana lilichelewa kwa ukungu. Injinia alikuwa pale, amesimama, ana kamera. Batasiya akamwambia, 'Bwana, sahani imenyamaza, izimwe.' Akamwambia mara mbili."

"Injinia akasemaje?"

Sugiya alifuta panga lake kwenye sketi. "Akasema, 'Wewe umeletwa hapa kufagia. Fagia.' Basi akainama kuangalia mwenyewe. Sufu ilikuwa imeshajaa mlangoni, haiingii wala haitoki, imefura kama godoro. Hapo ndipo ikawaka."

Bimlesh alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na tabia ya kushusha sauti badala ya kuipandisha.

"Hakuna aliyeliandika hilo," alisema.

"Walikuja polisi watatu. Walimuuliza msimamizi."

"Wangeuliza ukuta ingekuwa afadhali. Mama, rola hii inatakiwa izunguke vipi?"

Sugiya alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza mlango unafunguliwa vipi. Alichuma kipande cha sufu kwenye fungu, akaenda kwenye mashine namba moja, ile nzima. Aliiweka sufu juu ya rola ya mlangoni na kuivuta kuelekea chini. Ikateleza laini. Akaivuta kuelekea juu. Meno yakaidaka, yakaing'ang'ania.

"Meno yanatazama chini," alisema. "Inazunguka kwenda chini, inameza sufu, kifungo kinaangukia sahani. Kama kumpapasa paka. Huku anakubali, huku anakuparura. Mtoto wa miaka mitatu hapa anajua."

"Nipe hiyo sufu."

Bimlesh alikwenda kwenye rola iliyoungua. Chuma kilikuwa cheusi lakini waya ulikuwa bado umesimama, meno elfu kwa elfu. Aliiweka sufu juu yake na kuivuta kuelekea chini, akitarajia iteleze.

Meno yakaidaka.

Alivuta kuelekea juu. Ikateleza kama kwenye hariri.

Wanawake wengine wote kumi na mmoja walikuwa wamesimama sasa. Mmoja alisema neno la Kibihari ambalo halihitaji kutafsiriwa.

"Wameifunga kinyume!" alisema Sugiya. "Wameigeuza kichwa miguuni!"

"Inawezekana kugeuka hivi hivi, kwa bahati mbaya?"

"Haiwezekani," alisema Ramdiya kutoka nyuma yake. Alikuwa amerudi, amepiga magoti kwenye ncha ya shafti, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ulikuwa na akili. Kwao walikuwa na trekta mbili. "Angalia, afande. Gia ya mnyororo iko upande huu. Lakini upande ule mwingine wa shafti kuna alama ya skrubu, nzito, ya zamani, gia ilikaa pale miezi. Huku iliko sasa alama ni mbichi, na skrubu haikukazwa hata sawasawa. Mtu aliishusha rola, akairudisha kinyume, akaona gia haikutani na mnyororo. Badala ya kuigeuza rola akahamisha gia."

"Nani anafanya hivyo?"

"Mtu anayejua spana na hajui sufu."

"Khacheru angeweza?"

Sugiya ndiye aliyejibu. Alicheka, kicheko kikavu cha dharau tupu. "Fundi Khacheru? Yule anaipapasa rola akipita, hata akiwa anaongea na mtu. Hata akiwa amelala angeifunga sawa. Mwambie avae kiatu cha kushoto mguu wa kulia uone kama ataweza!"

Bimlesh alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro kumi. Dereva wa chuma chakavu alikuwa anapiga honi uani.

*

Shobhit alikuwa anajipiga picha karibu na rola yenye maua pale Bimlesh alipoingia bila kubisha. Tajiri aliacha simu.

"Injinia, nisaidie," alisema Bimlesh. "Mimi ni mtu wa shamba, mambo ya viwanda sijui. Hii rola unaijua vizuri?"

"Kama mtoto wangu."

"Fundi wenu ana mazoea ya kuipapasa anapopita. Nimeambiwa ni njia ya kuikagua. Nionyeshe."

"Madam, huo ni ushamba wa mafundi. Sisi tunatumia vipimo."

"Lakini unaweza?"

"Naweza, kwa nini nisiweze?" Alikunja mkono wa shati, akasukuma maua pembeni, akaweka kiganja chote juu ya meno na kukiburuza kwake, kwa nguvu, kama anayefuta vumbi kwenye kochi.

Alipiga ukelele. Alipokinyanyua kiganja kilikuwa na mistari myekundu kutoka vidoleni hadi kifundoni, na matone yakaanza kuangukia juu ya maua ya njano.

"Ungempapasa upande mwingine, mtoto wako huyo," alisema Bimlesh. "Upande huo anaparura. Mchanaji yeyote wa sufu angegusa kwanza kwa ukucha."

Kutoka dirishani, ambako wanawake wa banda la pili walikuwa wamejazana bila kuitwa, mtu aliangua kicheko, na wengine wakafuata.

"Funga dirisha!" alifoka tajiri.

"Liache. Injinia, rola iliyoungua imefungwa kinyume. Gia imehamishwa upande. Meno yalikuwa yanatazama nyuma, ndiyo maana sufu ilifura na sahani ikanyamaza, na vifungo vilivyopenya vikaenda kwenye ngoma. Jumapili uliishusha upate vipimo vya michoro yako ambavyo hii ya majaribio haina, kwa sababu kitu ulichokibuni mia kwa mia hukujua hata upana wa mifereji yake."

"Fundi ndiye aliyeifunga!" Shobhit alikuwa amekifunga kiganja kwenye leso na sauti ilikuwa imempanda. "Mimi sikushika spana! Fundi alinihakikishia inaingia pande zote, akasema hata kwenye gari huwa wana—"

"Shobhit!" alisema mjomba wake.

Lakini lilishatoka. Bimlesh aliliacha lining'inie hapo ofisini, wote walisikie vizuri.

"Khacheru hatengenezi magari," alisema.

Shobhit alimtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa anatazama peremende.

"Nimekuuliza ulikuwa na fundi gani."

"Wa gereji," alisema Shobhit. "Ya barabara kuu. Nilimchukua tu... Khacheru hakuwepo, na mimi sikutaka Khacheru ajue."

"Jina lake?"

"Sijui."

"Ulikaa naye masaa manne."

"Fundi tu!" alisema Shobhit, karibu kulia. "Nilimwita fundi!"

"Na ukampakia nyuma akiwa amejifunika, mlinzi akaandika fundi, na Jumatatu fundi wa kutupiwa lawama akawa tayari kitabuni. Hukuhitaji hata kudanganya. Ulihitaji tu watu wasitazame, na hilo mlilipanga hapa miaka mingi." Alimgeukia tajiri. "Na lori la chuma umelikodi wewe. Asubuhi ya siku ya mahakama."

"Binti yangu," alisema Chiranji Lal, na huzuni yake ile nzuri ilikuwa imemtoka usoni yote, "haya ni mambo ya ndani ya familia. Mtoto amekosea. Tuzungumze kama watu wazima."

"Tutazungumza. Kituoni kuna kigoda. Ramdiya, wapakie wote wawili. Injinia akae nyuma, mkono mwingine umtie pingu, huo wa rola uache, asije akadai tumempiga sisi. Na hiyo sahani ya bati ibebe kama yai."

"Na peremende?" aliuliza Ramdiya.

"Peremende ziache. Mama Sugiya na wenzake watajua pa kuzipeleka."

*

Saa saba na robo Bimlesh aliketi tena kwenye kigoda kile kile. Khacheru alikuwa ameshavishwa shati safi la mahakamani, la kuazima, mikono imempita vidole.

"Sahani ilikuwa tupu," alimwambia.

Mzee alifumba macho. Bimlesh alimweleza yote kwa ufupi: gia, skrubu, fundi wa gereji, kiganja. Alipofika kwenye kiganja alitarajia mzee atabasamu. Hakutabasamu.

"Walihamisha gia," alisema Khacheru polepole, kwa dharau ya mtu aliyeambiwa kuhusu ulevi wa msikitini. "Badala ya kugeuza rola." Kisha dharau ikamtoka usoni, akazishika nondo. "Batasiya alikuwa karibu na mlango wa mashine. Nilimwambia ikinyamaza wazime kwanza. Nilimwambia mara nyingi. Alisahau? Au mimi sikumwambia vizuri?"

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya swali lake tangu Jumatatu, na watu wazima saba walilisikia wakaona ni vifungo.

"Hakusahau," alisema Bimlesh. "Alisema izimwe. Alisema mara mbili. Injinia akamwambia afagie."

Khacheru aliweka paji la uso kwenye chuma akalia, bila sauti, mabega yakitikisika ndani ya lile shati kubwa. Bimlesh alingoja. Alikuwa na faili magotini na muda bado ulikuwepo.

"Andika hilo," alisema mzee hatimaye. "Kwamba alisema."

"Nitaandika."

"Na jina lake uandike."

Bimlesh alifungua ukurasa wa kwanza. Marehemu alikuwa ameandikwa: mfagiaji wa kike, umri kama miaka thelathini na tano. Aliukata mstari huo, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa, Batasiya Devi. Ule mstari wa mkuu wa kituo, kuhusu upuuzi wa vifungo, hakuukata. Aliupigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu, ili hakimu asije akaupita bila kuuona.